Nilichokuja Kukuomba Pasaka

Lapinlahti,
mwishoni mwa Mei

Kwa dada yangu mpendwa Marjut,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti lako limekubali kupanda ngazi bila malalamiko, na yule mbwa wako amepungua uzito kama daktari wake alivyoagiza. Sisi huku hatujambo, kwa kiasi cha watu wa huku: ukituuliza tutakujibu kwamba hali si mbaya sana, na hapo ujue tumefurahi. Barafu ya ziwani imekwisha, Tuija amepanda viazi, na mimi bado nazunguka juu ya mapaa ya watu na brashi yangu ya kusafishia dohani, mweusi kama sufuria ya kambini, mwenye miaka hamsini na mitatu na magoti ya mtu wa themanini.

Utashangaa kuona barua, maana tangu simu ziwe rahisi hatujaandikiana chochote zaidi ya kadi za Krismasi. Lakini kwenye simu mimi nakuwa hodari mno wa habari za hali ya hewa. Jumapili iliyopita Tuija alitusikiliza, na nilipokata akaniambia nimemweleza dada yangu mvua ya wilaya nzima, kijiji kwa kijiji, na neno lenyewe sijaligusa. Kisha akaniwekea karatasi mezani, akaondoa gazeti, akaondoa na kahawa. Kwa hiyo naandika. Nivumilie, nitafika. Wewe ni mtu wa huku, unajua kwamba sisi hatuingii nyumbani kwa mtu kabla ya kuizunguka mara mbili.

Unaukumbuka ule utafiti wa hospitali ya mkoa, wa sisi tuliopata kisukari tukiwa watoto. Kila baada ya miaka michache tunaitwa, tunatoa damu na mkojo, tunaangaliwa macho na nyayo, halafu tunashuka kantini. Miaka yote nilikuwa nikienda na Taisto, yule aliyekuwa mgawa barua, niliyelazwa naye wodi moja tukiwa wadogo. Tuna desturi ambayo wagonjwa wote wa utafiti ule wanaijua na hakuna anayeitaja mbele ya daktari: wiki chache kabla ya kuitwa, tunajitakasa. Maandazi ya iliki yanapigwa marufuku. Soseji ya kula tukitoka sauna, bafu letu la mvuke, inabaki dukani. Sukari tunaipima asubuhi na jioni kama tunanyonyesha. Tunafika kwa daktari tukiwa watakatifu, tunasifiwa, kisha tunateremka kantini na kula maandazi mawili mawili kabla theluji haijayeyuka mabegani.

Mimi na Taisto tulikuwa na mashindano pia. Wanaume wengine hushindana uzito wa samaki, sisi tulishindana figo. Kwa miaka mingi majibu yetu yalifanana kama ya mapacha, kreatinini ile ile, yaani taka ambayo figo hushindwa kuichuja, protini ile ile kidogo kwenye mkojo, na aliyeshindwa kwa nukta alinunua kahawa. Januari hii nilikwenda peke yangu. Taisto alianza mashine ya kusafisha damu vuli iliyopita, ghafla kabisa, kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwapo. Yuko jengo lile lile, mwisho wa korido, mara tatu kwa wiki.

Majibu yangu ya kawaida yalikuwa mazuri. Figo za mtu wa kisukari cha tangu utotoni, zimechoka lakini zinaenda kazini. Nilikuwa nimeshashika koti langu wakati Daktari Kuosmanen, binti ambaye angeweza kuwa mwanangu kama ningeamka mapema, aliponiuliza kama nataka kuambiwa pia majibu ya kipimo kipya. Nikamwambia mimi hupenda kuambiwa chochote isipokuwa uzito wangu.

Akanieleza taratibu. Kuna protini tatu kwenye damu, zenye majina kama namba za magari, ambazo hupanda pale ambapo ndani ya figo kuna moto mdogo unaofukuta, miaka kadhaa kabla vipimo vya kawaida havijanusa chochote. Wamejuaje? Wametoa kwenye friza damu ambazo watu walizitoa zamani, wakiwa wazima kama mimi, wakazipima leo, kisha wakatazama nani kati yao alifikia mashine, nani moyo ulimsumbua, na nani bado anapasua kuni. Wale waliokuwa na protini hizo juu, wengi wao waliishia kwenye mashine, na wengi hawakuchukua miaka mingi. Vipimo vyao vingine wakati ule vilikuwa kama vya wenzao.

Zangu ziko juu. Zote tatu, alisema, na akanyamaza ili nipate nafasi ya kusema kitu cha maana. Nikamwambia: "Lakini nakojoa vizuri."

Lazima nikueleze kwa nini niliona aibu baada ya kusema hivyo. Kila mwaka naenda kwa mama mzee Tossavainen kule ng'ambo ya ziwa. Dohani yake ina ufa kwa ndani, nimeuona kwa taa na kioo, na kila mwaka namwambia kwamba siku moja moto utapita pale na kushika dari. Na kila mwaka ananijibu kwamba moshi unapanda vizuri, mwanangu, hebu kaa unywe kahawa. Narudi kwenye gari nikitikisa kichwa kwa ukaidi wa binadamu. Basi siku ile kwa daktari, mama Tossavainen alikuwa mimi, ila bila kitambaa cha kichwa.

Nilijaribu mlango mwingine. Nikauliza kama si mafua tu, maana mwezi ule nilikuwa nakohoa. Daktari akasema mafua yanaweza kuzisukuma kidogo, nirudi baada ya wiki sita tupime tena. Akasisitiza kwamba hii si hukumu, ni uwezekano, na kwamba wapo walio na namba kama zangu ambao hawajafika popote.

Wiki sita hizo, Marjut, nilijitakasa kama sijawahi kujitakasa tangu kipaimara. Mkate mweusi wa nafaka ya rai bila siagi. Samaki wa kuchemsha. Sauna bila bia, ambayo ni sawa na kukaa ndani ya tanuri kwa makosa. Nilikonda hadi suruali ikanivuka juu ya paa la nyumba ya mchungaji, saa ambayo mke wake alikuwa bustanini. Alinipungia mkono, nami kwa adabu nikampungia, na huo mkono ndio uliokuwa umeshika suruali. Tuija alikuwa anadhani nimeanza mambo ya afya kama wanaume wa mjini, mpaka Jumanne ya kabla ya Kwaresima alipotengeneza yale maandazi ya krimu na jemu nami nikasukuma sahani. Akaweka kijiko chini, akauliza nani amekufa. Ndipo nikamwambia.

Nilirudi hospitali nikiwa mwembamba na mwenye matumaini. Sukari ilikuwa imeshuka vizuri, shinikizo la damu lilikuwa la kijana. Zile protini tatu hazikusogea. Moja ilikuwa imepanda kidogo. Nakiri nilikasirika. Nilimwambia daktari kwamba maisha yangu yote sijawahi kukutana na kipimo nisichoweza kukidanganya. Akacheka sana, akaniambia kwamba hapo hospitali wanajua habari za utakatifu wetu tangu zamani, wauguzi wanauita kwaresima ya damu, na kwamba kipimo hiki hakiulizi nimekula nini wiki hii. Kinasoma yale ambayo figo zimevumilia kwa miaka. Nilisikia joto masikioni. Miaka yote ile mimi na Taisto tuliona tumewaweza!

Alinipa dawa mpya mbili ambazo huchelewesha mambo, na nazinywa, usiwe na wasiwasi. Halafu akasema jambo ambalo sikulitarajia. Alisema faida ya kujua mapema si dawa peke yake. Ni kwamba mtu anapata muda wa kutafuta figo angali na nguvu. Kupandikizwa kabla ya kufikia mashine, figo ikitoka kwa ndugu aliye hai, ndiyo njia inayokwenda vizuri kuliko zote. Mipango yenyewe huchukua miezi mingi, wakati mwingine mwaka na zaidi. Akaniuliza kama nina ndugu. Nikasema yuko mmoja, yuko Sweden. Akasema Sweden si mwezini.

Tuija alijitolea kabla sijamaliza sentensi, kwa sauti ile ile anayotumia kusema ataosha vyombo yeye. Walimpima wakamkatalia, shinikizo la damu. Aliitukana mashine ya shinikizo mbele ya muuguzi, na mashine ikajibu kwa kupandisha namba. Njiani kurudi nyumbani tulipita kituo cha mafuta. Hapo akasema: "Basi mpigie Marjut." Nikamuuliza nimwambie nini. Hujambo, huko mvua imenyesha, naomba figo? Akasema ndiyo, hivyo hivyo, ila mvua uiache.

Sikupiga. Wewe unamkumbuka baba, alipoanguka kutoka paa la ghala, akalala chini saa nzima na mguu umevunjika, na jirani alipopita kwa bahati akamuuliza anafanya nini pale, akajibu anaangalia mawingu. Mimi ni mtoto wa mtu yule. Wewe pia, lakini wewe ulitoroka.

Kuna na jambo lingine. Krismasi ile uliyokuja kwetu, tulipokuwa tukila uji wa mchele, ulisema kwa kicheko kwamba wewe unazo figo mbili na hujui ya pili inafanya kazi gani, nichukue moja. Mimi nikajibu kwamba ya Kiswidi siitaki, itadai likizo ndefu. Watu wote wakacheka na uji ukaendelea. Tangu hapo sijui kama ulitania au ulikuwa unasema kweli, na kama ulisema kweli, sijui kama niliisukuma sahani ile pia. Huenda huikumbuki kabisa. Mimi naikumbuka kila nikimeza kidonge.

Sasa nafika Pasaka.

Nilipokupigia kusema nakuja, ulinifanya nirudie, maana sijawahi kuja bila harusi wala msiba. Nilikuja kukuomba. Nilikuwa nimejifunza maneno kwenye meli kutoka Turku, nikiyasema polepole kwenye kioo cha chumba changu cha kulala, na kwenye treni hadi Göteborg nikayarudia mpaka mama aliyekaa mbele yangu akahama kiti. Nilifika kwako nikiwa nayo yote kichwani. Ukanifungulia, ukasema nimekonda, ukaniuliza kama Tuija amegoma kupika. Hapo ndipo ilikuwa mahali pake. Ningesema. Badala yake nikatazama juu ya bega lako nikaliona jiko lako la kuni, nikasema linanuka masizi.

Mengine unayajua, lakini uliyaona kwa upande wako. Kwa upande wangu ilikuwa hivi: kila nilipofungua mdomo kusema figo, nilitoka na neno la dohani. Ijumaa Kuu nililichomoa bomba zima. Jumamosi nikapanda juu ya paa lako bila kibali cha mtu yeyote wa nchi ile, na jirani yako Bengtsson akaja mbio na shuka zake zenye madoa ya masizi kuuliza kama nyumba inaungua. Nilikusikia ukimwambia kwa Kiswidi chako kizuri kwamba huyu ni mdogo wangu, yuko likizo, ndivyo anavyopumzika. Jumapili, baada ya kula nyama ya kondoo, ulikaa karibu nami kwenye ngazi za nyuma. Mbwa alikuwa kati yetu. Nadhani ulikuwa unangoja. Mimi nikakueleza jinsi ya kuwasha moto kutoka juu badala ya chini.

Na pale stesheni ukaniuliza: "Ilpo wewe, hasa hasa ulikuja kufanya nini?" Nikajibu: "Dohani." Ukasema "Aaa," ukaniangalia kama mama alivyokuwa akiyaangalia maziwa jikoni, kisha treni ikaondoka. Dohani yako iko salama kwa miaka kumi. Tuija aliponipokea alinitazama mikono, akaona masizi kwenye kucha, akaelewa yote. Hakunigombeza. Alisema tu kwamba kama figo zingekuwa zinasafishwa kwa brashi, mimi ningekuwa mtu mwenye afya kuliko wote kaskazini mwa Ulaya.

Nimejaribu kuelewa kwa nini ni vigumu namna hii, na nadhani nimepata. Huku kwetu mtu huomba msaada akiwa tayari mtaroni, gari limelala ubavu, tairi moja bado linazunguka. Hata hapo, akija mwenye trekta, humwambia asijisumbue sana. Hilo tunaliweza. Lakini sijawahi kuona mtu aliye barabarani kabisa, taa zinawaka, redio inaimba, akimsimamisha mwenzake na kumwambia: nimeambiwa huko mbele nitateleza, nipe kamba yako. Mimi leo nimepasua kuni tangu asubuhi. Nimekula vizuri. Nikisimama mlangoni kwako huoni mgonjwa, unaona mwanaume mwenye kitambi kinachorudi. Kipimo kile kimeniondolea kitu kimoja kizuri sana, kisingizio cha kungoja.

Ningengoja hata hivyo. Lakini wiki iliyopita nilikwenda kumwona Taisto. Unajua anakaa jirani kabisa na kaka yake Reijo, uzio hata haupo. Taisto amekuwa wa rangi ya karatasi. Nilimuuliza kama amewahi kuzungumza na Reijo habari ya figo. Akasema Reijo hajasema kitu, naye hawezi kumwanza mtu kwa jambo kubwa kama lile. Nilipotoka nikamkuta Reijo uani anampangia Taisto kuni zake, kwa ustadi, magome juu. Nikamuuliza naye. Akasema Taisto hajawahi kumwomba, na mtu hawezi kujipeleka tu na figo yake mkononi kama anayeuza samaki, huenda mwenzake haitaki. Akaniuliza kama naona mvua itanyesha. Tangu vuli, Marjut. Yule anampangia kuni, huyu anampelekea gazeti, na katikati yao pana figo ambayo hakuna anayeitaja. Sikusema lolote kwa yeyote. Nilirudi nyumbani, na Jumapili yake nikakupigia, na unajua nilikueleza nini.

Basi. Nimeshazunguka nyumba mara mbili.

Naomba figo yako moja.

Si leo. Daktari anadhani huenda ni mwaka kesho au unaofuata, lakini vipimo vyako vianze sasa kama utakubali. Sitaki nikufiche: utapasuliwa, Helsinki, utalala hospitali siku chache na utaumwa wiki kadhaa, na utaishi na figo moja maisha yako yote. Watu wengi huishi nayo vizuri, ila hakuna anayeahidi. Na inawezekana pia kwamba damu yangu imekosea na mimi ni mmoja wa wale wasiofika popote, na hapo nitakuwa nimekusumbua bure. Hilo nalo nimelifikiria, na nimeona afadhali aibu hiyo.

Yuko muuguzi anayeshughulika na watoaji peke yake, namba yake nimeiandika nyuma ya bahasha. Mimi sitakuwapo mkizungumza. Ukiona huwezi, au hutaki, au unaogopa, mwambie yeye. Mimi nitaambiwa tu kwamba haikufaa, na hawasemi kwa nini, hata ukiwauliza kwa kuwapiga. Nadhani utaratibu huo uliwekwa kwa ajili ya watu kama sisi. Nami nakuapia kwamba nitakuja tena Göteborg hata hivyo, na safari hiyo brashi nitaiacha nyumbani.

Usinijibu kwa simu. Nitaanza na hali ya hewa.

Tuija anakusalimu sana na anasema viazi vya kwanza vitakuwa tayari Juni mwishoni, njoo ule. Msalimie Bengtsson, mwambie pole ya shuka. Mkune mbwa nyuma ya masikio. Goti lako lifunge kitambaa cha sufu, hata kama huko Sweden mna vitu vya kisasa.

Nimeisoma barua hii upya kabla ya kuikunja, na naona nimeomba mara moja tu, kisha nikakimbilia kwenye viazi. Tuija amesoma begani kwangu na ameona hivyo hivyo. Ameshavaa koti la kwenda posta na hatoki mpaka nirekebishe. Kwa hiyo naandika tena, polepole, hapa chini ambapo hakuna kitu kingine cha kutazama.

Naomba figo yako, Marjut.

Mdogo wako,
Ilpo